Jeshi la Magunzi na Kikosi cha Nyuma



Ndugu zetu wasomaji, mzazi mmoja wa huku kwetu milimani ametuletea maswali mawili, naye ametaka tuyajibu katika ukurasa huu wa malezi ili wazazi wengine nao wapate kusikia. Swali la kwanza: Je, yafaa kwa mtoto wa Kiislamu kuchezea vijisanamu vya askari? Swali la pili: Mwanawe wa miaka tisa humaliza jioni nzima akivipanga vijiaskari vyake vikosi vikosi, hawa huku na wale kule, kisha huvipangua akavipanga upya, wala havipiganishi. Je, huo si upuuzi, na haingekuwa bora anyang'anywe akashike juzuu yake?

Ama swali la kwanza, jawabu lake limo katika vitabu vya Hadithi. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud ya kwamba Mtume (S.A.W.) alirejea katika safari moja ya vita, na upepo ukafunua pazia, akawaona watoto wa bandia wa Bibi Aisha (R.A.), na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akauliza habari ya farasi huyo, na akastaajabu kuambiwa kuwa ana mbawa. Bibi Aisha akamkumbusha habari iliyosikiwa ya kwamba Nabii Suleiman (A.S.) alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Kwa ajili ya Hadithi hii na nyingine mfano wake, wanavyuoni wengi wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika makatazo ya masanamu, ingawa wako waliochukua njia ya tahadhari. Mwenye kutaka kujiepusha na shaka, gunzi la mahindi lisilo macho wala pua linamtosha mwanawe, na huku Usambara magunzi hatujapata kuyakosa.

Ama swali la pili, hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwani linahitaji maneno marefu kidogo.

Watoto wa milima hii hawakungoja duka liwaletee jeshi. Mahindi yakiisha kupukuchuliwa, magunzi marefu huwa maofisa, ya kadiri huwa askari, kipande cha mgomba huwa mzinga, na udongo wa mtoni hufinyangwa farasi. Siku hizi vimeingia pia vijiaskari vya plastiki vya rangi ya majani, vinavyouzwa vingi pamoja katika mfuko mmoja. Lakini awe na gunzi au awe na plastiki, mtoto mwenye akili hafiki mbali kabla ya kuanza kugawa. Hawa ni walinzi wa daraja. Hawa ni wapelelezi, waende usiku. Hawa wa mizinga wakae kilimani. Basi mzazi asidhani ya kuwa mtoto huyu anapoteza wakati. Mwenye kugawa anafikiri, anapima, anajiuliza ni nani anafaa mahali gani. Hiyo ni elimu, na wako watu wazima wenye maduka na mashamba ambao hawajaijua.

Hata watengenezaji wa vitu vya kuchezea wa nchi za mbali wamelijua jambo hili. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza mwaka 1964 kuuza askari wa bandia aliyeitwa G.I. Joe, naye wakati huo alikuwa wa aina nne tu, kwa kufuata majeshi ya nchi ile. Mwaka 1982 wakatoa vijiaskari vidogo ambavyo urefu wake haufiki inchi 4, na kila kimoja kikapewa jina lake na kazi yake, ikaandikwa nyuma ya pakiti: huyu ni mwenye simu ya upepo, huyu ni mganga, huyu ni mtegua mabomu, huyu ni mwenye mbwa. Ulipofika mwaka 1988, baadhi yao wakakusanywa katika vikosi vidogo vyenye majina, kama vile Tiger Force na Night Force, kila kikosi na rangi zake. Hatutaji haya kwa kuwasifu wauzaji, kwani muuzaji hugawa vikosi ili mtoto anunue viwili badala ya kimoja. Twayataja ili ijulikane ya kuwa hata katika mchezo, jeshi la wapiga bunduki watupu halikumtosha mtoto.

Basi ikiwa kugawa vikosi ni jambo jema, khatari yake iko wapi? Khatari iko katika wale wanaotupwa.

Mzazi, utazame mfuko wa vijiaskari vya plastiki baada ya mwezi mmoja tangu kununuliwa. Utamkuta aliyesimama na bunduki yuko, aliyepiga goti yuko, aliyelala kifudifudi akilenga yuko. Lakini yule mwenye simu ya upepo mgongoni, na yule mwenye darubini mkononi, utawaokota uwanjani penye matope. Kwa nini? Kwa sababu hawana bunduki, na mtoto amejifunza kwetu sisi wakubwa ya kwamba asiyeshika bunduki si mtu wa maana katika jeshi. Hapo ndipo kugawa kazi kunapogeuka kuwa kugawa heshima, na mambo haya mawili si kitu kimoja.

Niliyaona haya barazani petu, baada ya darasa la alasiri. Watoto walikuwa wakigawana magunzi, na kila mmoja akichagua yaliyonyooka. Mmoja wao ana mguu mfupi, hawezi mbio za wenzake. Yeye aliachiwa yaliyovunjika na yaliyoliwa na panya, akaambiwa: "Hao ni wapagazi, kaa nao nyuma." Wakacheka. Kesho yake nikasikia akiitwa Mpagazi njiani, kesho kutwa akaitwa hivyo msikitini, na siku ya nne hakuja chuoni. Jina la kebehi, ndugu zangu, ni mwiba, nao humkaa mtu mguuni miaka mingi. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Hujurat kuitana kwa majina mabaya, na amri hiyo haikuwatenga watoto.

Mtoto yule alipoletwa na nyanya yake, sikuwapiga wenzake. Niliwapa hesabu. Niliwaambia: Wanangu, tuseme askari kumi wako mbali, mwendo wa siku kumi, na mnataka kuwafikishia chakula cha siku kumi. Kila mtu hula kilo moja ya unga kwa siku. Basi zinatakiwa kilo ngapi? Wakajibu: mia moja. Nikawaambia: Mpagazi mmoja huchukua kilo 25, lakini naye ana tumbo, hula njiani siku kumi za kwenda na siku kumi za kurudi. Basi anafikisha kilo ngapi? Wakanyamaza wakihesabu kwa vidole, kisha mmoja akasema: tano. Nikauliza: Wanatakiwa wapagazi wangapi basi? Ishirini! Askari kumi wanataka nyuma yao watu ishirini wa kubeba unga peke yake, na hapo bado hatujataja maji, risasi, hema, dawa na machela ya majeruhi.

Pale barazani jeshi likaharibika lote. Aliyekuwa na askari kumi alitakiwa atafute magunzi ishirini zaidi, na mwenye magunzi mengi yasiyotakiwa na mtu alikuwa ni yule yule mwenye mguu mfupi. Wakaanza kumwendea mmoja mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa na kusema ndiyo au la. Jina lile halikwisha siku ile, kwani majina ya utotoni hayafi upesi. Lakini niliisikia namna ya kulitamka ikibadilika.

Hesabu hii sikuitunga kwa mchezo. Milima yetu hii iliiona kwa macho. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, mji wa Lushoto ulikuwa ukiitwa Wilhelmstal, na Wajerumani walikuwa na kampuni 14 za askari katika nchi yote. Kampuni moja ilikuwa na askari wapatao 160 hadi 200 na bunduki zake za bombomu, na nyuma yao walikwenda wapagazi wengi kuliko wao, na wake wa askari, na watoto. Huko Amani, katika Usambara ya mashariki, wataalamu wa chuo cha mimea na kilimo kilichoanzishwa mwaka 1902 walipika kwinini kwa magome ya miti ili jeshi lisife kwa homa. Kutoka Mombo, chini ya milima yetu, ilitandazwa njia nyembamba ya matoroli kuelekea Handeni, na matoroli hayo yalisukumwa kwa mikono ya watu. Mwezi wa Juni 1916, majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Smuts yalipofika Mombo na kupanda mpaka Lushoto, wao nao walikuwa na wapagazi wao wasiohesabika.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi walioandikwa kuwa wamekufa katika vita hivyo walipita 40,000, na watu wa tarehe husema ya kuwa idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, mvua, chakula kibovu na uchovu. Wengi hawakujitolea, walikamatwa vijijini mwao wakafungwa kamba. Leo mtu huingia sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, akanunua kanga na viatu, asijue ya kuwa jina la mahali pale limetokana na jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi hao waliopiga kambi pale. Na sanamu ya askari iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 inamwonyesha mtu mmoja tu, mwenye bunduki yenye singe. Wapagazi wametajwa katika maandishi yaliyo chini yake, lakini sura yao haipo. Huko Nairobi, mwaka uliofuata, wakasimamishwa watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hatuyasifu masanamu wala hatuwaiti watu kuyatazama. Twataka tu msomaji aone ya kuwa wakubwa nao walifanya kama watoto wetu barazani. Wahenga wamesema, asiyekuwapo na lake halipo.

Sasa tuitazame dini yetu, je, imewapanga watu namna gani?

Waarabu wa zamani waliliita jeshi kamili khamisi, kwa sababu lilikuwa na sehemu tano: ya mbele, ya kuume, ya kushoto, ya moyoni, na ya nyuma iitwayo saka. Hao wa saka ndio waliokuwa wakiokota kilichoanguka, wakimngoja aliyechoka na kumchukua aliyejeruhiwa. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa Hadithi ambayo Mtume (S.A.W.) anamsifu mja aliyeshika hatamu ya farasi wake katika njia ya Mwenyezi Mungu, nywele zake zimetimka na miguu yake imejaa vumbi; akiwekwa ulinzini hukaa ulinzini, na akiwekwa nyuma hukaa nyuma. Mtu huyo akiomba ruhusa kwa wakubwa hapewi, na akimwombea mtu haitikiwi maombi yake. Watu hawamjui, Mola wake anamjua. Tazama, msomaji, sifa ile haikutolewa kwa kuwa mbele, ilitolewa kwa kutimiza pale alipowekwa.

Na atakaye kujua hasara ya kudharau mahali pa nyuma, asome habari za Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, yaani mwaka 625. Mtume aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima kidogo, mkubwa wao Abdallah bin Jubair (R.A.), akawaamuru wasiondoke hata wakiona wenzao wameshinda au wameshindwa. Maadui walipokimbia, wengi wa wapiga mishale waliona kazi yao imekwisha na faida iko kule chini, wakashuka. Abdallah akabaki na wachache. Khalid bin Walid, ambaye wakati ule alikuwa hajasilimu, akazunguka na wapanda farasi wake akapita palipoachwa wazi, na Waislamu wapatao 70 wakafa mashahidi siku ile. Hawakukosa mashujaa waliokuwa mbele. Walikosa watu wa kukaa pale kilimani.

Miaka miwili baadaye, katika vita vya Handaki, kazi haikuwa ya kupigana bali ya kuchimba. Katika vitabu vya sira imeelezwa ya kuwa kila watu kumi walipimiwa dhiraa arubaini, na Mtume mwenyewe alibeba udongo mpaka vumbi likamfunika tumbo lake tukufu. Hapo ndipo mbora wa viumbe alipokuwa mpagazi. Na ni nani tena atakayelifanya neno hilo kuwa tusi?

Wala wanawake hawakuachwa nje ya vikosi hivyo. Bibi Aisha na Bibi Ummu Sulaim walibeba viriba vya maji mgongoni siku ya Uhud. Bibi Ummu Atiyya alikwenda katika vita saba, akipika chakula na kuwauguza wagonjwa. Bibi Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema msikitini la kutibia majeruhi. Kwa hiyo mvulana anayemfukuza dada yake katika mchezo wa jeshi kwa kumwambia kwamba mambo haya si ya wasichana, hajazisoma vizuri habari za jeshi lililo bora.

Juu ya hayo yote, Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratut Tawba, aya ya 122, ya kuwa haiwapasi waumini kutoka wote kwenda vitani. Katika kila kundi baadhi yao wajifunze dini, wapate kuwaonya wenzao. Basi hata mwanafunzi aliyeinama juu ya ubao wake ni kikosi, na kikosi chake kimetajwa ndani ya Qur'ani.

Kwa hiyo, jawabu letu kwa mzazi aliyetuuliza ni hili. Usimnyang'anye mwanao jeshi lake. Weka wakati: Sala kwanza, juzuu pili, mchezo tatu. Kisha kaa naye siku moja, umuulize juu ya kila kijiaskari: Huyu kazi yake nini? Huyu akiumia nani atamchukua? Maji yenu yako wapi? Nani anapika? Mkiwashika mateka nani atawalisha? Utamwona akikuna kichwa, kisha atakwenda kuwatafuta wale aliowatupa. Umwambie pia ya kuwa gunzi likianguka husimamishwa, lakini mtu aliyeuawa hasimami tena, na nyuma yake kuna mayatima. Ili asikue akidhani vita ni tamu kama mchezo.

Na baada ya kumuuliza mtoto, mzazi ajiulize mwenyewe. Katika nyumba yangu, nani ni kikosi cha nyuma? Ni yule binti anayeamka alfajiri kuchota maji kabla ya wenzake kwenda skuli? Ni yule mtoto mzito wa kusoma lakini mwepesi wa kuwauguza mbuzi? Ni kijana anayebeba makabichi na viazi vya watu kutoka shambani mpaka barabarani, na jamaa zake wanaona haya kumtaja mbele ya wageni? Twawagawia kazi, nayo ni haki, kwani mkono mmoja haulei mwana. Lakini mbona tukiisha kuwagawia kazi twawapunguzia na heshima? Tunamwita mwenye kalamu kwa jina lake na mwenye jembe kwa ila yake, kisha twashangaa watoto wetu wakiyatupa magunzi yaliyovunjika.

Wazee wetu wengi wa milima hii walibeba mizigo ambayo hawakuitaka, katika vita ambavyo havikuwa vyao, na wengi wao makaburi yao hayajulikani. Huenda babu yako ni mmojawapo. Ukimkumbuka baada ya Sala, umwombee rehema bila ya kuona haya, na umfundishe mwanao kuomba hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na watoto wetu kutimiza pale tulipowekwa, mbele au nyuma, na atulinde na kuwadharau waliobeba mizigo yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.